Majina ya Udhaifu na Benchi la Darajani

Vijana wa wodini, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla ya sindano za siku hizi na kabla ya gari kuthubutu kwenda Mlola. Nimekaa nyumbani, blanketi magotini, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mke wangu amenieleza kwamba mwanamume asiye na kazi asimjazie jiko. Basi naandika. Vyeo na mishahara siviandiki. Mlishaniuliza habari hizo nami nikawapa majibu yaliyonifaa.

Nitaandika juu ya udhaifu. Msicheke. Dresa, mfunga vidonda na msaidizi wa daktari, hufundishwa majina ya dawa, majina ya mifupa na majina ya wakubwa wa serikali, lakini kazi yake ya kila siku, tangu mlango unapofunguliwa asubuhi, ni kumtazama mtu na kusema nguvu zake zimebaki kiasi gani. Kwa kazi hiyo tuna maneno mengi kuliko chupa zilizomo kabatini, na ole wake anayemimina neno la huyu kwa yule.

Nilipoanza nilikuwa kijana mwembamba kutoka Mlola. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, najua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu. Nilivuka msitu wa Magamba kwa miguu, viatu nimevining'iniza shingoni visije vikaisha kabla sijaajiriwa. Hospitali yetu wakati huo ilikuwa jengo moja refu la mabati juu ya kilima, nje kidogo ya mji wa Lushoto, na chini ya kilima palikuwa na kijito chenye daraja la magogo, kama mnavyokiona leo. Kutoka darajani hadi barazani ni kupanda tu. Nilifika juu nikihema, na mtu wa kwanza kunitazama alikuwa dresa mkuu, Mzee Zakaria.

Alikuwa mfupi, kichwa amekinyoa, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Alianza kazi wakati wa Mdachi akaendelea kwa Mwingereza, na alipoulizwa tofauti yao alisema Mdachi alikagua bandeji jioni, Mwingereza anakagua asubuhi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mlola, Mzee."

"Na shamba umemwachia nani?"

Nilidhani ananichangamkia tu kama wazee wanavyofanya. Nikasema nimemwachia mdogo wangu.

"Anajua kulima?"

"Kunishinda mimi, Mzee."

"Basi wewe mzima," akasema. "Vaa viatu uje."

Sikujua kwamba nilikuwa nimepimwa. Mzee Zakaria alipima watu wote namna hiyo, na kipima joto alikichomoa baadaye ili kuthibitisha tu yale aliyokwisha kuyajua. Siku hiyo ya kwanza alinifundisha kuchemsha sindano kwenye jiko la primasi, kukunja bandeji bila kuilegeza, na kutosema "haya tena" ninapotoka kwenye kitanda cha mgonjwa mahututi, maana jamaa zake wanaweza kulia kabla ya wakati.

Sasa niwaeleze jambo ambalo ninyi mliozaliwa huku mnalijua, lakini wenzenu wa kutoka Tanga na Muheza hawalijui. Kwetu siku zile mwanamume hakuingia mahali pa watu akiwa amebebwa. Anayebebwa amelala ni maiti. Mtu akizidiwa huko ng'ambo ya Magamba, ndugu zake walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakamlaza kwenye machela na kumpitisha msituni wakipokezana mabega. Lakini walipofika darajani, mgonjwa alisema, "Nishusheni." Walimshusha. Walimnawisha uso kijitoni, wakamnyooshea koti, wakampa fimbo, na machela ikafichwa kichakani. Kisha mgonjwa alipanda kilima kwa miguu yake, na ndugu zake walimfuata kwa mbali kana kwamba wao wana safari yao nyingine.

Huko juu, karani wa mlangoni alikuwa na neno moja la kuandika kwa kila anayefika: ametembea, au amebebwa. Aliyebebwa alionwa kwanza. Aliyetembea alisubiri zamu yake. Kwa hiyo wanaume wetu karibu wote walisubiri zamu.

Katika mwezi wangu wa kwanza alikuja mkulima mmoja mwenye koti zuri jeusi. Alipanda, akawasalimu wote waliokuwa barazani mmoja mmoja, akauliza habari za mvua, akaketi kwenye ngazi ya mwisho kusubiri. Alipoitwa hakujibu. Mzee Zakaria alimfumba macho pale pale, akateremka mpaka darajani peke yake, akaitoa machela yake kichakani na kuirudisha mikononi. Nilimwona ameiegemeza ukutani, akaishika kwa muda mrefu. Kesho yake alimwendea seremala wa mji akaomba mbao za mkaratusi, na kabla ya wiki kwisha palikuwa na benchi darajani.

Benchi hilo ndilo shule yangu. Kila asubuhi dresa mmoja alikaa pale, utadhani anapumzika. Mgonjwa akifika, dresa alimwambia, "Karibu ukae, kilima ni kirefu." Hakuna aliyekataa. Kupumzika kabla ya kilima si udhaifu, ni kutii mwenyeji. Wakishasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, mifugo na baridi, ndipo dresa aliuliza lile swali la Mzee: "Leo shamba umemwachia nani?"

Mkimwuliza Mshambaa hujambo, atasema sijambo hata kama roho iko mlangoni. Mkimwuliza kama ni dhaifu, mmemtukana. Lakini juu ya shamba lake hasemi uongo. Akisema, "Nimemwachia kijana leo tu," mwacheni apande. Akisema, "Mama watoto analima tangu masika," mshikeni mkono. Akisema, "Shamba limelala," na yeye anatazama maji, basi hapo hapana tena kilima. Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kushikana mikono kama marafiki na kupanda polepole, tukisimama katikati kutazama bustani ya viazi ya hospitali, ambayo ilisifiwa kupita kiasi kwa sababu hiyo tu. Ya pili ilikuwa njia ya jikoni, inayozunguka nyuma ya kilima. Huko mtu aliweza kurudishwa kwenye machela bila kuonekana na yeyote isipokuwa mpishi, na mpishi alikuwa hasemi.

Pale benchini ndipo alinifundisha maneno. "Huyu amechoka," alisema mtu akishaondoka, "mpe uji na kitanda, kesho atagombana nawe." Aliyenyong'onyea ni yule ambaye mwili upo lakini hamu imeondoka, huyo mtafutie homa. Dhoofu ni aliyepungua kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kwake usitazame uso, tazama mkanda, uone matundu mapya. Mtoto legelege humjui mpaka umwinue kwa makwapa. Mnyonge ni neno la kuwa nalo makini, kwa sababu unyonge unaweza kuwa wa homa, unaweza kuwa wa njaa, na unaweza kuwa wa mtu aliyeonewa na jumbe wake, na kwinini haitibu jumbe. Hafifu alinikataza kabisa kulitumia kwa mtu. "Sema mapigo ya moyo hafifu, au kitambaa cha dukani hafifu. Mtu si kitambaa." Hoi unalisema huku umeshaanza kutembea. Taabani unalisema ukikimbia. Na mahututi hulisemi, unabeba.

Mwenzangu kazini alikuwa Bakari, kijana wa Tanga, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kufunga vidonda kuliko wangu. Huko kwao pwani watu hutaniana tangu alfajiri. Siku moja zamu ya benchi ilikuwa yake, akaja mzee mmoja aliyekuwa akijikokota, na Bakari, kwa nia ya kumchangamsha, akamwambia, "Mbona goigoi leo, babu?" Mzee yule alimtazama. Akainuka, akafunga vifungo vya koti lake hadi juu, akageuka na kuvuka daraja kurudi alikotoka. Mzee Zakaria alimfuata mpaka karibu na msitu. Sijui alimwambia nini, lakini walirudi wameshikana mikono wakizungumzia nguruwe wanaokula mahindi. Bakari alitazamia kufukuzwa kazi. Mzee alimwambia tu, "Goigoi ni mtu anayeweza na hataki. Yule anataka na hawezi. Umempiga pale pale anapouma." Bakari hakulisema tena neno lile, hata kwa punda.

Baadaye kidogo tuliletewa daktari mpya kutoka Uingereza. Alikuwa mrefu, kila mlango aliuingia ameinama. Kiswahili alikuwa amejifunza melini, na kwa habari ya nguvu za mwili alikuja na neno moja. Alimsimamia mgonjwa na kumwuliza kwa sauti ya upole, "Wewe dhaifu?" Wanaume walisimama wima kitandani. "Mimi? Mimi si dhaifu, Bwana." Wakapewa kwinini, wakaenda zao. Katika miezi michache tarafa nzima ilimwita Bwana Dhaifu, na kwa urefu ule jina likawa tamu zaidi.

Daktari aliona watu wanatabasamu akipita, akamwuliza Mzee Zakaria sababu. Mzee alimweleza bila kupepesa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, na kuanzia siku hiyo akawa anaomba maneno kama mtu anayeomba chumvi mezani. Aliyasema akinawa mikono kabla ya kazi, "Mchovu, mnyonge, dhoofu, hoi," na Mzee kutoka kwenye meza ya dawa alimsahihisha: "Polepole, Bwana. Usimfikishe kwenye hoi kabla hujamwona." Nilipenda asubuhi zile. Mvuke wa primasi, harufu ya sabuni ya dawa, ukungu dirishani, na watu wazima wawili wanahesabu majina ya udhaifu kama watoto wa shule.

Msidhani Mzee alikuwa anamshinda daktari. Tulijua mtu ameshuka mpaka wapi. Kwa nini ameshuka, hilo alilijua daktari. Nakumbuka mama mmoja wa upande wetu wa Mlola. Wanawake hawakubebwa, na mikono mitupu hawakuja nayo pia. Walipitia hospitali wakiwa na mzigo, kana kwamba wanaelekea sokoni na wameona tu watusalimie. Kwa hiyo Mzee alisema mwanamke umtazame mzigo. Mama huyu kitenga chake hakukiweka kichwani, alikibana kwapani, na ndani mlikuwa na mahindi machache tu.

"Leo maji amechota nani, mama?" Mzee akamwuliza.

"Nimechota mwenyewe, Mzee."

"Kwa mtungi?"

"Kwa kibuyu. Mtungi naona mzito siku hizi."

Mzee aliinuka bila kumaliza salamu. Alimvuta kope la chini taratibu, tukaona weupe mahali pa wekundu. Alipitishwa njia ya jikoni, na Mzee alimwambia daktari, "Dhoofu, anaelekea hoi, damu hakuna." Daktari ndiye aliyeikuta minyoo, na ndiye aliyekuta kwamba ana mimba, jambo ambalo mama alikuwa amelificha hata kwa mumewe. Kama angerudi nyumbani siku ile, wangekufa wawili. Alikaa nasi muda mrefu akila maini na mchicha mpaka akachukia vyote viwili. Mwaka uliofuata tulimwona anapanda kilima, mtoto mgongoni na mtungi kichwani, ameujaza pale kijitoni. Alifika mbele ya Mzee Zakaria, akautua bila kumwaga tone, akasema, "Sijambo." Mzee aliingia stoo ya bandeji akakaa humo kidogo.

Vita vilikuja, daktari akaenda vitani, dawa zikapungua. Tulifua bandeji mpaka zikawa nyavu. Daktari alirudi nywele zimekuwa nyeupe, maneno yake yote anayo bado. Kisha ikaja amri ya serikali ya kulima matuta milimani, ambayo mgonjwa alisamehewa, na hapo tukaona maajabu. Wanaume ambao maisha yao yote hawakukubali kuitwa wachovu walijaa barazani tangu alfajiri, kila mmoja dhaifu, mwingine dhoofu, na mmoja mwenye shingo nene kama kinu alituambia yeye ni mahututi. Sikuwalaumu, matuta yale tuliyachukia sote. Lakini Mzee Zakaria alizidi kukaa darajani siku hizo. Alisema sasa ni vigumu kuliko zamani, kwa sababu walio wazima wamechukua maneno yote, na mgonjwa wa kweli atakuja aseme sijambo.

Kisha alistaafu akarudi kwake, ng'ambo ya msitu. Aliniachia mkasi wake na zamu ya benchi. Nilimkumbuka kila asubuhi, na nilikuwa nikiuliza swali lake kwa sauti yake, bila kukusudia, mpaka Bakari akawa ananiita Zakaria mdogo.

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, baridi ile ya kuuma masikio. Nilikuwa benchini. Niliona watu wanne wanatoka kwenye ukungu na machela, na aliyetangulia alikuwa Samweli, mwana wa Mzee Zakaria. Nikaona kichwa kilichonyolewa kimetokeza kwenye blanketi. Nilisimama.

"Nishusheni," ilisema sauti ya mle ndani.

Walimkalisha kwenye benchi. Samweli alichota maji akamnawisha uso, akamvalisha koti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Elia. Karibu ukae," akasema, "kilima ni kirefu."

Niliketi karibu naye. Lile swali sikuweza kumwuliza. Lilikuwa lake. Nilimshika mkono kama marafiki wanavyoshikana, na kidole changu kikatafuta mahali pake penye mshipa. Mapigo yalikuwa hafifu, yanakimbia, yanasimama, yanakimbia tena. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havikufungwa kamba.

"Unanipima," akasema.

"Nakusalimia, Mzee."

"Salamu ndefu."

Alipumua kwa shida baada ya kila sentensi. Nilijua kwa hakika, kama ninavyojua jina langu, kwamba akipanda kilima kile kwa miguu yake tutampoteza kwenye ngazi, mahali alipotupotea yule mkulima mwenye koti jeusi. Na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo aliishika fimbo yake.

"Tate," Samweli alimwambia kwa Kishambaa cha nyumbani, kisha akageukia Kiswahili, lugha ya kazi ya Mzee, huku ananitazama nimsaidie, "baba, hebu tupitie jikoni."

"Njia ya jikoni niliianzisha mimi. Nimewapitisha huko watu wasiojua wanapitishwa. Mimi najua."

"Basi tupande polepole," nikasema, "tusimame kwenye viazi."

"Viazi nimeviona kutoka ng'ambo. Mwaka huu vimewashinda." Akaweka fimbo mbele, tayari kuinuka. "Elia, sikubebwa na Mdachi, sikubebwa na Mwingereza. Nimefanya kazi kwenye baraza ile tangu ninyi hamjazaliwa. Sitaingia pale nimelala wagonjwa wakinitazama."

Nilimwomba anipe dakika chache tu niwaambie waandae kitanda, nikamwachia Samweli, nikapanda mbio. Nilimkuta daktari ananawa mikono. Nilifungua mdomo, na maneno yote niliyofundishwa yakanikimbia, hata moja halikubaki. Nikasema tu, "Mzee Zakaria yuko darajani." Hakuuliza yukoje. Aliteremka bila koti, mikono ina sabuni bado, na Bakari akatufuata.

Daktari aliketi benchini, magoti yakamfika karibu na kidevu.

"Shikamoo, Mzee," akasema.

Ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Siku zile Mzungu hakumwamkia mtu mweusi, na mwenyewe sikuwa nimemsikia akilisema neno hilo kwa yeyote, ingawa alilijua. Mzee Zakaria akatazama maji yanayopita chini ya magogo.

"Marahaba," akasema mwishowe.

"Leo shamba umemwachia nani?"

Mzee aligeuka akamtazama, na uso wake ukalegea. Alikuwa amelitambua swali lake, limemrudia. Angeweza kumdanganya daktari. Swali lile hakuweza.

"Nimemwachia Samweli," akasema. "Tangu vuli. Jembe naliona zito."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akamshika mkono, akasikiliza kifua chake pale pale penye baridi.

"Sema neno, Bwana," Mzee akamwambia. "Nimekufundisha yote."

"Hoi," daktari akasema taratibu.

"Bado kidogo. Lakini tunaelewana."

"Kilima hiki hukipandi, Mzee."

"Na kubebwa sibebwi."

Tulikaa hivyo. Kila pumzi aliyovuta Mzee tuliisikia sote. Ndipo Bakari, ambaye alikuwa amesimama nyuma akikagua benchi kana kwamba ni fundi, akakohoa.

"Kwani nani amesema abebwe?" akauliza. "Benchi hili limeharibika siku nyingi. Sisi tunalipeleka juu likatengenezwe. Kama kuna mtu amelikalia, hiyo si kazi yetu."

Mzee Zakaria alimtazama Bakari kwa muda mrefu. Nilidhani amekasirika.

"Goigoi wewe," akasema. Kisha akakaa vizuri, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Tulilinyanyua wanne, mimi na Bakari mbele, Samweli na ndugu yake nyuma. Daktari alitaka kushika pembe moja, lakini Mzee alimkataza. "Wewe mrefu, Bwana, utanimwaga." Kwa hiyo daktari alipanda kando yetu amebeba fimbo ya Mzee na kofia yake. Tulikwenda polepole. Kwenye viazi tulisimama, safari hii kwa ajili yetu sisi wabebaji, na Mzee akatueleza makosa yote ya bustani ile. Tulipofika juu, watu waliokuwa barazani waliona mzee amekaa wima, koti limefungwa, daktari Mzungu amemshikia kofia. Wakasimama wote, hata wale waliofungwa bandeji miguuni.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba," alikuwa akijibu, mmoja mmoja, huku akipita juu ya vichwa vyao. "Marahaba. Marahaba."

Karani wa mlangoni alishika kalamu akatutazama, akatazama benchi. Ilimbidi aulize, ndiyo kazi yake. "Niandike ametembea, au amebebwa?"

"Andika amekuja amekaa," Mzee akasema.

Karani akamtazama daktari.

"Andika kama alivyosema," daktari akajibu.

Alikaa nasi mpaka maji yakatoka miguuni na viatu vikafungwa kamba. Alirudi kwake kwa machela mpaka kwenye daraja la kijijini kwao, na kutoka hapo, Samweli aliniambia, alitembea. Aliona msimu mwingine mmoja wa mavuno. Alikufa nyumbani kwake, mlango wazi, shamba analiona. Habari zilipotufikia niliingia stoo ya bandeji nikalia, na nilipotoka nilimkuta Bakari anasubiri mlangoni ili aingie yeye.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Mkasi wa Mzee nimemwachia dresa mkuu wenu. Zamu ya benchi msiiache, hata gari la wagonjwa likija, kwa maana wapo watakaomwambia dereva awashushe darajani. Nilikaa pale siku yangu ya mwisho ya kazi, na nimeona mguu mmoja wa nyuma umelegea. Lipelekeni juu likatengenezwe. Ila mkilinyanyua, angalieni kwanza kama kuna mtu amelikalia, na kama yupo, nyanyueni taratibu.